Katiba mpya: muhtasari wa mkutano mkuu wa kijiji uwe na nguvu gani?

Mama wa Kihamba

Habari za jioni wanajukwaa. Wakubwa wangu shikamooni.

Nina swali la Katiba mpya, na nawaomba mnisome mpaka mwisho kabla hamjaingia kwenye serikali mbili na serikali tatu. Mimi nauliza kuhusu serikali ya kijiji, hii inayokutana chini ya mparachichi nje ya ofisi ya mtendaji.

Ni mjumbe wa halmashauri ya kijiji huku Moshi, upande wa juu mlimani. Naishi kwa kihamba: migomba, kahawa kidogo iliyobaki, ng'ombe wawili wa ndani. Mara mbili kwa wiki nateremsha ndizi soko la Mbuyuni. Mambo ya vyama nayaacha nyumbani leo.

Mwaka 2015 mkutano mkuu wetu uliamua tujenge zahanati. Hakuna aliyetuletea wazo hilo. Aprili ya mwaka huo mama mmoja wa kitongoji cha juu alijifungulia njiani usiku, masika yananyesha, wanaume wanne wamembeba kwa machela ya miti na blanketi kwenda kutafuta gari kwenye lami. Mimi ndiye niliyeshika taa. Mtoto alipona, sasa yuko shule. Mkutano uliofuata haukuwa na ubishi: kila kaya shilingi 20,000 kwa awamu mbili, na siku mbili za kazi kila mwezi. Wanaume walipasua mawe, sisi tulisomba mchanga kwa ndoo kutoka mtoni. Maji ya kuchanganyia zege tuliyachukua kwenye mfereji, na wenye zamu ya kumwagilia walikubali kuikosa. Anayeijua mifereji ya huku kwetu anajua kwamba mtu kuachia zamu yake si jambo dogo.

Mwaka 2018 boma likafika lenta. Utaratibu tulioambiwa ni kwamba wananchi wakifikisha lenta, wilaya inamalizia: kenchi, bati, milango, sakafu. Tukapeleka muhtasari wenye saini za watu 214. Tukajibiwa subirini bajeti ijayo. Bajeti ijayo ikaja, tukajibiwa ukomo wa bajeti ya wilaya umeshushwa. Tangu hapo wakurugenzi wamebadilishwa mara tatu, na kila aliyekuja alituuliza upya boma lenyewe liko wapi. Sitaji halmashauri ni ipi, maana sikuja kushitaki mtu, na naamini wapo wenzangu wengi wenye maboma kama letu.

Sasa sikilizeni kilichonifikirisha zaidi. Mwishoni mwa 2021 zilikuja zile fedha za Uviko, shilingi trilioni 1.3 za mkopo wa Shirika la Fedha la Kimataifa, ambazo sehemu yake ilijenga madarasa 15,000 nchi nzima. Sekondari iliyo jirani na boma letu ilipata. Mafundi walilala hapohapo, Januari watoto wakaingia. Nilifurahi, nina mjukuu pale. Lakini kila nikipita naona majengo mawili yanatazamana: moja lililoamuliwa mbali, limekwisha kwa miezi miwili, lingine tuliloliamua wenyewe, nyasi zimeota ndani na mvua inakula tofali. Serikali Kuu inaweza kazi, hilo sibishani nalo. Ila hakuna aliyetuuliza tuanze na lipi. Tungeulizwa, tungesema zahanati kwanza.

Na jambo la pili, la Katiba yenyewe. Mwaka 2013 nilikuwa mjumbe wa baraza la Katiba la wilaya. Tulikuwa wanne kutoka kila kata, mimi nikakaa kiti cha mwanamke. Tulipewa Rasimu ya Kwanza, ile iliyotolewa Juni na Tume ya Jaji Warioba, nikaisoma usiku kwa wiki mbili, nikiweka alama kwa penseli. Nikatafuta kijiji. Sikukiona. Nikasimama nikauliza. Nikajibiwa kwa upole kabisa kwamba rasimu hii ni ya mambo ya Muungano, na serikali za mitaa si jambo la Muungano, kwa hiyo zitawekwa kwenye Katiba ya Tanganyika itakapoandikwa. Nikakaa, nikakubali, kwa sababu jibu lilikuwa sahihi kwa jinsi rasimu ilivyojengwa. Kisha Bunge Maalumu likaenda Dodoma 2014, likaondoa mpango wa serikali tatu (ya Muungano, ya Tanganyika na ya Zanzibar), hivyo Katiba ya Tanganyika haikuandikwa. Katiba Inayopendekezwa ikapitishwa tarehe 2 Oktoba 2014, na kura ya maoni iliyopangwa Aprili 2015 ikaahirishwa. Mpaka leo. Yale mabishano yote tuliyabeba juu ya idadi ya serikali za juu, na lile swali langu halikupata mtu wa kulijibu.

Oktoba 2022 kikosi kazi cha Rais kilichoongozwa na Profesa Mukandala kilipendekeza mchakato uendelee. Safari hii sitaki kusimama na swali. Nataka kusimama na maneno yaliyoandikwa. Tuna mkutano mkuu Jumamosi ijayo na mwenyekiti amekubali iwe ajenda.

Kwa hiyo nawauliza wenye kujua: Katiba iandike nini hasa ili muhtasari wa mkutano mkuu wa kijiji uwe amri, badala ya barua ya maombi? Na pesa yake itoke wapi?

Meku Mstaafu

Marahaba mama. Mimi nilikuwa mhasibu wa halmashauri kwa miaka 31, mikoa mitatu, nimestaafu na kurudi nyumbani. Nitasema ninachokijua, nacho ni pesa.

Kwanza umri wangu unaniruhusu kukukumbusha jambo. Baba yangu alikuwa karani wa chama cha msingi cha kahawa chini ya KNCU, kile chama kikuu cha ushirika cha Kilimanjaro cha tangu 1933. Alikuwa akisema shule yetu imejengwa kwa kilo za kahawa, na alimaanisha hivyohivyo: ushuru kidogo kwa kila kilo, watu wanajua umekatwa kiasi gani na umekwenda wapi. Mwaka 1972 Serikali ikatangaza madaraka mikoani. Jina zuri, lakini kilichofanyika ni halmashauri za kuchaguliwa kufutwa, na kazi zao kushikwa na maofisa waliotumwa kutoka wizarani. Mwaka 1976 vyama vya ushirika navyo vikafutwa. Sheria za kurudisha vyote viwili zilipitishwa mwaka mmoja, 1982, na halmashauri zikaanza kazi tena 1984. Miaka kumi na miwili katikati. Nilipoajiriwa nilikuta kabati tupu: daftari za walipa ushuru hazipo, na wazee waliojua kuzitunza walishakwenda zao.

Sasa pesa. Mpaka 2003 halmashauri ilikuwa na kodi ya maendeleo na ushuru mwingi mdogomdogo. Zilikuwa kero kweli, watu walikimbilia migombani wakiona mgambo, na sikusikitika zilipofutwa. Lakini zilipofutwa, kilichokuja badala yake ni ruzuku ya kufidia kutoka Hazina, na sehemu yake, asilimia 20, ilitakiwa ishuke mpaka kijijini. Ukiwa na chanzo chako, hata kibaya, unapanga. Ukiwa na fidia, unasubiri. Nilikaa kwenye kiti kile, nilijua asilimia 20 ya vijiji ipo kwenye karatasi. Ikifika robo ya tatu ya mwaka, ruzuku imekuja nusu, na kuna barua mezani yenye maelekezo ya mwenge, ya maabara, ya madawati. Barua ya juu ina jina la mtu anayeweza kumwondoa mkurugenzi kesho asubuhi. Muhtasari wa kijiji una saini za watu 214 ambao hawawezi. Nani atalipwa kwanza? Mama, mimi mwenyewe niliziandika hundi hizo kwa mpangilio huo, na moyo ulikuwa ukiniuma.

Baadaye vyanzo vikaendelea kupanda juu. Kodi ya majengo ilikuwa ya halmashauri. Leo, tangu Agosti 2021, inakatwa mtu anaponunua umeme wa LUKU. Barabara za wilaya zilikuwa za halmashauri mpaka TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini, ilipoanzishwa 2017. Maji ya vijijini yakaenda kwa wakala mwingine, RUWASA, 2019. Zipo sababu za kitaalamu kwa kila moja, na wahandisi waliotawanyika wilayani walikuwa hawatoshi. Nasema tu kwamba mwananchi anapomshika diwani shati kuhusu maji au barabara, diwani hana mfuko wa kuingiza mkono.

Mpita Namanga

Mama shikamoo. Mimi niko Arusha, napeleka vitunguu na kuleta bidhaa, Namanga navuka karibu kila wiki tangu 2009. Nimeona jirani zetu kabla na baada.

Kenya walipiga kura ya maoni tarehe 4 Agosti 2010, Katiba ikaanza tarehe 27. Machi 2013 wakachagua magavana 47. Kabla ya hapo, mtu wa Namanga ya upande ule akiwa na shida kubwa alitazama Nairobi. Siku hizi anakwenda mjini Kajiado, na kama hakusikilizwa anajua ni nani wa kumnyima kura. Hilo nimeliona kwa macho yangu.

Katiba yao imetaja namba, na naona hapo ndipo penye jibu la swali lako. Imesema kaunti zote kwa pamoja zisipate chini ya asilimia 15 ya mapato ya taifa. Rais hawezi kushusha kwa barua, hata Bunge haliwezi kwa sheria ya kawaida. Ila soma maandishi madogo: asilimia hiyo inapigwa kwenye hesabu za mwisho zilizokaguliwa na kupitishwa na Bunge, na hesabu hizo huwa za miaka kadhaa nyuma. Kwa hiyo ukiandika asilimia, andika pia ya mwaka gani.

Lingine. Kaunti ya Kiambu ilitunga Sheria ya Fedha ya 2013 ya kutoza watu, na Aprili 2014 Mahakama Kuu ikaifuta yote kwa sababu wananchi hawakushirikishwa ipasavyo. Nilipoisikia habari ile nilikuwa nimekaa foleni ya forodha, nikamuuliza dereva Mkikuyu aliyekuwa mbele yangu kama ni kweli. Akanijibu, "Tulienda kotini tukashinda." Alisema "tulienda", na yeye hakuwa kwenye kesi.

Nisikudanganye kwamba ni peponi. Afya ilishuka kaunti, na madaktari waligoma siku 100, kuanzia Desemba 2016 mpaka Machi 2017. Pesa ya kaunti huchelewa miezi, watumishi hukaa bila mshahara. Na wizi ulishuka nao: wapo magavana walioondolewa, wa Kiambu Januari 2020, wa Nairobi Desemba mwaka huohuo. Lakini waliondolewa na bunge la kaunti na Seneti, mbele ya watu, kwa hoja zilizosomwa. Huku kwetu mkurugenzi anaondoka kwa taarifa ya saa mbili usiku, hata sababu hatuijui.

Kijana wa Ketumbeine

Nawasalimu wote. Nawasoma kwa heshima, lakini kuna kitu mnakiruka na mimi siwezi kukinyamazia.

Ninyi wa mlimani mna kahawa, mna parachichi, mna watalii wanaopanda. Jiji la Arusha lina hoteli. Longido tuna ng'ombe na jua. Ukame wa 2022 ulipoua mifugo, mnada ulibaki vumbi, na ushuru wa mnada ndio uliokuwa tegemeo. Mkisema kila mtu abaki na chake, ninyi mtamalizia boma lenu mwaka ujao na sisi mtoto wa darasa la kwanza ataendelea kutembea kilomita 9 porini penye tembo. Mimi nimetembea hizo kilomita. Serikali Kuu, pamoja na makosa yake yote, ndiyo iliyotuletea bweni.

Halafu hiki kijiji mnachokisifu. Kwetu mkutano mkuu unaweza kuongozwa na wazee saba na wengine wote wakanyamaza, hasa akina mama. Dada zangu hawasimami kusema. Ukishusha madaraka mpaka pale, umeyashusha mikononi mwa nani?

Mama wa Kihamba

Mwanangu wa Ketumbeine, umeniambia kweli na nimeisoma mara mbili. Sikusema kila mtu abaki na chake, lakini naona nilivyoandika unaweza kusikia hivyo. Sitaki zahanati yangu itoke kwenye bweni la dada zako. Meku, hivi hakuna njia ya kugawa ambayo inamhesabu mtu wa mbali?

Kuhusu kusema mkutanoni: mwaka 2002 nilipoingia mkutano wa kwanza na mimi sikusimama. Kilichonisimamisha ni kwamba ajenda ilikuwa maji, na ndoo nilikuwa naibeba mimi. Pale kunapoamuliwa kitu cha kweli, watu husema, hata mtu mwoga. Mkutano wa kusomewa maagizo hauna cha kumfanya mwanamke ajasirishe sauti yake.

Meku Mstaafu

Ipo. Ruzuku ya afya tangu 2004 ilikuwa na kanuni yake ya kugawia: idadi ya watu ndiyo yenye uzito mkubwa, kisha umaskini, vifo vya watoto chini ya miaka mitano, na umbali ambao gari la wilaya linatakiwa lizunguke. Longido ilikuwa inapata pointi kwa umbali ambazo Moshi mjini haipati. Kanuni ile ilikuwa ya haki na nilipenda kuipigia hesabu. Tatizo lake ni kwamba ilikaa kwenye mwongozo, na mwongozo hubadilishwa bila mtu wa kijijini kujua kwamba ulikuwepo.

Halafu mama, niruhusu niseme na la upande wetu. Nimekagua vijiji. Nimekuta kijiji hakijasoma mapato na matumizi kwa miaka miwili, risiti ziko kwenye mfuko wa rambo chini ya kitanda cha mwenyekiti. Mwenyekiti wa kijiji halipwi mshahara, anapata posho isiyotosha hata nauli ya kwenda wilayani, na tunamkabidhi mamilioni. Usiende Jumamosi na maneno ya kudai pesa bila neno la hesabu.

Wakili wa Kijenge

Mama, shikamoo. Nimesoma mjadala huu ofisini nikaacha faili nililokuwa nalifanya.

Tuanze na kilichopo. Katiba ya 1977 ina Ibara ya 145 na 146, na watu wengi hawajui kwamba zimo. Ya 145 inasema kutakuwa na vyombo vya serikali za mitaa katika kila mkoa, wilaya, mji na kijiji. Kijiji kimetajwa! Ya 146 inasema madhumuni ni kupeleka madaraka kwa wananchi. Hapo kila mtu hupiga makofi. Lakini endelea na sentensi inayofuata: vyombo hivyo vitakuwa na haki na mamlaka ya *kushiriki*, na kuwashirikisha wananchi, katika mipango ya maendeleo. Kushiriki. Neno hilo ndilo linaloeleza boma lako. Mwenye haki ya kushiriki amekwishapewa haki yake siku alipoitwa kikaoni. Kuamua ni haki nyingine, na haikuandikwa.

Na njia za mapato? Ibara ya 145 imeziacha zitajwe na sheria itakayotungwa. Sheria zikatungwa, zile za 1982 alizozitaja Mzee. Kinachotolewa na sheria ya kawaida huchukuliwa na sheria ya kawaida, kwa wingi wa kawaida wa wabunge waliopo siku hiyo Dodoma. Ndiyo maana kodi ya majengo iliweza kupanda juu bila mtu kugusa Katiba. Kuibadili Katiba yenyewe kunahitaji theluthi mbili ya wabunge wote. Kufuli lake ni zito zaidi, na ndani yake ndipo mnapotaka namba yenu iwekwe.

Sasa nikupe kitu ambacho nadhani kitakusaidia Jumamosi kuliko mfano wa Kenya. Katika sheria zetu wenyewe kuna mahali ambapo mkutano mkuu wa kijiji tayari una amri. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 inasema halmashauri ya kijiji haiwezi kugawa ardhi ya kijiji bila mkutano mkuu kuridhia. Nimesimama mahakamani na muhtasari wa mkutano mkuu mkononi, daftari la mistari lenye doa la chai, na daftari lile likashinda hati iliyopigwa chapa na muhuri. Kwa hiyo hakuna anayeweza kukuambia kwamba wanakijiji hawawezi kupewa uamuzi wa mwisho. Wanao tayari, kwenye ardhi. Ombeni wawe nao kwenye fedha zinazoshuka kwao.

Jambo moja la kuongeza, maana wengi wataliuliza. Wakuu wa Mikoa na Wilaya wanateuliwa na Rais, na Sheria ya Tawala za Mikoa ya 1997 inawapa hata uwezo wa kuamuru mtu awekwe ndani hadi saa 48. Mwenyekiti wa kijiji wa kuchaguliwa anakaa kikao kimoja na mtu mwenye uwezo huo. Mkiandika habari ya madaraka ya kijiji bila kutaja mipaka ya madaraka ya aliye juu yake, mtakuwa mmejenga nusu ya ukuta.

Mama wa Kihamba

Nimekaa na mwenyekiti na mwalimu mmoja jana jioni, tukaandika. Maneno ni haya, nisahihishieni:

"Kila mwaka wa fedha Serikali inaweza kupeleka vijijini na mitaani sehemu ya mapato ya Taifa isiyopungua asilimia itakayotajwa na Katiba hii, ikigawanywa kwa idadi ya watu, umaskini na umbali. Mkutano mkuu wa kijiji au wa mtaa wenye akidi utaamua matumizi ya fedha hizo, na hakuna kiongozi wa kuteuliwa atakayetengua uamuzi huo. Kijiji ambacho hakijasoma mapato na matumizi kwa robo mbili mfululizo kitasimamishiwa fedha."

Asilimia yenyewe tumeiacha wazi. Hatukuwa na hesabu za kutosha, na sitaki kutaja namba nitakayoshindwa kuitetea.

Wakili wa Kijenge

Mmefanya kazi nzuri. Futa "inaweza kupeleka", andika "itapeleka". Kwenye sheria "inaweza" humwachia mtu hiari, na mtu huyo akiwa na hiari mmerudi kwenye subirini bajeti ijayo. Ongeza pia: "kwa hesabu za mwaka wa fedha uliotangulia", kwa sababu aliyoieleza ndugu wa Namanga. Na badala ya "hakuna kiongozi wa kuteuliwa atakayetengua", andika "hautatenguliwa isipokuwa na mahakama". Hapo umemfunga aliyeteuliwa na aliyechaguliwa kwa pamoja.

Kijana wa Ketumbeine

Mama, umbali mmeuweka. Asante sana.

Ila sentensi ya mwisho inanitisha. "Kitasimamishiwa fedha" na nani? Kama ni mkurugenzi, amepewa bomba tena na koki yake. Na mwenyekiti akila pesa, mbona wanaoadhibiwa ni watoto?

Meku Mstaafu

Kijana amesema kweli kunipita mimi. Vijiji viko zaidi ya 12,000, Mkaguzi Mkuu hawezi kuvifikia vyote, kwa hiyo jicho ni la wanakijiji wenyewe. Andikeni hivi: halmashauri ya kijiji isiyosoma mapato na matumizi kwa robo mbili mfululizo, itakuwa imejiondoa madarakani, na uchaguzi utafanyika ndani ya siku 60. Fedha ziendelee kuja, akaunti ishikwe na watu watano watakaoteuliwa na mkutano mkuu, wawili kati yao wanawake.

Mama wa Kihamba

Watatu. Hapo kwenye wawili nimeandika watatu, Meku utanisamehe.

Mengine yote nimeyabadilisha kama mlivyosema. Mwalimu atayanakili kwa kalamu kwenye bango la karatasi ya manila, tutalibandika mlangoni kwa mtendaji tangu Alhamisi ili watu waje wameshasoma. Mkutano ni Jumamosi saa nne. Mwaka huu tumeomba tusikae chini ya mparachichi. Tutakutania ndani ya boma, tumeshakubaliana na vijana waje na mapanga asubuhi kufyeka nyasi.